Wapangaji wa Mlimani City na Wapangaji wa Mazinde



Juma lililopita mama mmoja mkulima kutoka juu milimani alitufikia ofisini akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Mifuko ya namna ile ilipigwa marufuku nchini mwetu tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi kwa utani tukamwuliza kama haogopi faini. Akacheka, akatujibu kwamba ule si mfuko wa kubebea vitu, bali ndilo kabati lake la nyaraka. Ulikuwa umetoka katika supamaketi moja ya Dar es Salaam, lakini jina lililoandikwa juu yake lilikwisha kufutika kwa kukunjwa na kukunjuliwa, na duka lenyewe halipo tena. Yaliyokuwamo ndani ya mfuko tutayaeleza baadaye. Kwa sasa tuseme tu kwamba ulituamshia hamu ya kuandika juu ya jengo ambalo wengi wenu mmepita mbele yake, na ambalo limekwisha kuwaaga wapangaji wake wakubwa wa mwanzo. Jengo hilo ni Mlimani City.

Ninyi mliosafiri kwa basi kutoka Lushoto, Mombo au Korogwe kabla ya mwaka 2021 mnaikumbuka stendi ya Ubungo, kabla mabasi ya mikoani hayajahamishiwa Mbezi Luis. Mtu aliteremka pale na tenga lake, akapanda daladala ya Mwenge kupitia Barabara ya Sam Nujoma, na baada ya dakika chache, foleni ikiruhusu, aliliona jengo refu la ghorofa ya chini tu, limezungukwa na magari mengi kuliko alivyowahi kuyaona mahali pamoja. Wengi hawakuteremka. Walitazama kupitia dirishani, wakaendelea na safari yao ya kwenda kwa ndugu.

Ardhi ile ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Kutokana na kilima hicho watu walizoea kukiita Mlimani, na jina la jengo la maduka likatoka huko. Ndiyo maana sisi wa Usambara huchekeshwa kidogo na jina hilo, maana kwetu mlima ni kitu kingine kabisa. Kilima kile kilijulikana duniani kwa mijadala ya ujamaa na ukombozi. Hapo ndipo alipofundisha Walter Rodney, aliyetoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Hatudhani yeyote katika wasikilizaji wake wa siku zile angeweza kukisia ni kitu gani kitajengwa pembezoni mwa ardhi ya chuo miaka thelathini baadaye.

Mwaka 2004 chuo kilitia sahihi mkataba wa miaka 50 na kampuni ya Mlimani Holdings, iliyo chini ya Turnstar Holdings ya Botswana. Mwekezaji angejenga na kuendesha, na chuo kingepata asilimia 10 ya mapato. Miaka iliyofuata mgawo huo ulihojiwa zaidi ya mara moja na wakaguzi na kamati za Bunge, walioona kwamba mwenye ardhi ameambulia kidogo. Hatutaki kuingia katika ubishi huo. Tunauonyesha tu kwa sababu katika kila soko yuko mwenye kiwanja, yuko mwenye jengo, yuko mwenye duka, na yuko mwenye bidhaa; na wanne hawa mara chache hupata hasara siku moja.

Milango ilifunguliwa mwaka 2006. Wapangaji wakuu walikuwa wawili, wote kutoka Afrika Kusini: Shoprite, supamaketi ya vyakula, na Game, duka la vyombo, vitambaa, televisheni na kila kitu ambacho mtu hakujua kwamba anakihitaji. Wazee wetu wanakumbuka kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi bidhaa za Afrika Kusini zilikuwa haramu katika maduka yetu. Kununua kopo la matunda lililotoka huko lilikuwa jambo la aibu. Miaka kumi na miwili tu baada ya Waafrika Kusini kupiga kura yao ya kwanza ya wote, makopo yaleyale yalipangwa kwa safu mbele ya watoto wa wapigania uhuru.

Sisi tulikuwa waseminari wakati huo, tukisoma Dar es Salaam. Siku moja ya mapumziko tulikwenda watatu, tukiwa na nauli na fedha ya kununua sabuni. Tulichokikumbuka zaidi ni ubaridi. Mwenzetu mmoja, mtu wa Mlalo, alisimama mlangoni akavuta pumzi, akasema, “Huu ni upepo wa kwetu, wamekuja kuuza huku.” Kisha tukaenda kwenye mboga. Zilikuwapo karoti zilizooshwa na kufungwa katika plastiki, kabichi, liki na saladi, na bei yake ilitufanya tutazamane. Tulinunua sabuni, tukatoka.

Inafaa kueleza namna jengo la namna hii linavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani ni soko lenye paa zuri tu. Mpangaji mkuu, yaani supamaketi kubwa, aghalabu hulipa kodi ndogo kwa kila mita ya mraba kuliko mwenye kibanda cha simu au duka la viatu. Mwenye jengo anakubali hivyo kwa sababu supamaketi ndiyo inayowaleta watu kila juma. Mtu anakuja kununua mkate, njiani anapita mbele ya viatu. Wenye maduka madogo, kwa hiyo, wanalipa gharama ya kukaa karibu na mkubwa. Mkubwa akiondoka, kodi yao haipungui siku ileile, lakini watu wanapungua. Kwa miaka mingi, tena, kodi katika majengo ya aina hii jijini ilitajwa kwa dola, ilhali mteja alilipa kwa shilingi. Shilingi ilipoteremka, mpangaji aliumia katikati. Mwaka 2025 Serikali ilitoa kanuni za kukataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.

Hapa tunaomba ruhusa yenu tuteremke kidogo hadi nyumbani, kwa sababu kisa cha mpangaji mkubwa anayevuta wadogo na kuwaacha si kigeni kwetu. Mazinde ya bondeni ilipata kuwa mahali pa biashara kubwa kuliko tunavyodhani tukiiona leo.

Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai alitawala Ushambaa kutoka Vugha, juu mlimani, hadi alipofariki mwaka 1862. Wakati huo heshima yote ilikuwa juu: mvua, matambiko, kodi. Mwanawe Semboja alipewa Mazinde, chini ya mlima, mahali pa joto na vumbi ambapo mkuu wa kawaida angejiona ametupwa. Lakini Semboja alikuwa amekaa kando ya njia ya misafara iliyotoka pwani ya Pangani kwenda bara. Pembe za ndovu zilipita kwake, nguo na baruti zilipita kwake, na, ni lazima tuseme ingawa inatuuma, watu waliouzwa walipita kwake pia. Mjukuu wa marehemu, Shekulwavu, alirithi kiti cha Vugha; Semboja alikuwa na bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Vugha ilianguka mikononi mwa Semboja.

Jambo lililotushangaza tulipolisoma mara ya kwanza ni hili: Semboja hakuhamia Vugha. Alimweka huko mwanawe Kimweri Maguvu, yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Aliona kwamba kiti kimebaki juu lakini uwezo umeteremka barabarani. Kwa lugha ya majengo ya maduka, alikuwa mwenye jengo na mpangaji mkuu kwa pamoja, na wafanyabiashara wa pwani walikuja kwa sababu yake. Alipofariki mwaka 1895, huku Wajerumani wamekwisha kuishika nchi, hapakuwa tena na sababu ya mtu kusimamisha msafara hapa.

Reli ilifika Mombo mwaka 1905, na kufikia 1911 ilikuwa imepita hadi Moshi. Biashara ikahama tena, ikafuata stesheni. Wahindi wakafungua maduka yao kwenye vituo vya reli na kandokando ya mashamba ya mkonge, wakiuza chumvi, mafuta ya taa, kanga na majembe, na wakikopesha kwa daftari hadi siku ya mshahara wa shamba. Mkonge nao ulipoteremka bei, daftari zile zilifungwa bila kulipwa.

Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na biashara ya jumla ikachukuliwa na mashirika ya umma. Mwaka 1976 ilitangazwa Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya kijiji. Nia haikuwa mbaya. Walitaka kumwondoa yule mtu wa kati anayenunua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa. Lakini duka la kijiji halikuwa na gari, wala mtaji, wala mtu aliyezoea kujua leo sukari imefika Korogwe na kesho itakwisha. Baada ya miezi michache amri ililegezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu zikawa tupu kwa sababu nyingine nyingi, vita na ukame na ukosefu wa fedha za kigeni, na watu wazima wa parokia hii bado wanaeleza walivyopanga foleni ya sabuni kwa matofali, kila tofali likiwa na jina la mtu. Kuanzia mwaka 1984 milango ya uagizaji ilianza kufunguliwa, na polepole vibanda vya watu binafsi vikarudi barabarani.

Tumekaa hapa muda mrefu, lakini bila kuyajua hayo mtu hawezi kuelewa kwa nini mwaka 2006 kabichi iliyofungwa katika plastiki ilionekana kama ishara ya kwamba mambo sasa yametulia. Kizazi kilichopanga matofali kilikuwa kikiona rafu zilizojaa hadi juu. Kilidhani kwamba kampuni kubwa namna ile, yenye matawi nchi nyingi, haiwezi kuondoka.

Ikaondoka. Mwishoni mwa mwaka 2013 Shoprite ilikubaliana kuyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya, na mwaka 2014 jina likabadilishwa pale Mlimani City. Nakumatt ilikuwa imeanza kama duka la magodoro mjini Nakuru, na jina lake linatokana na hayo. Nembo yake ilikuwa tembo. Hapa kaskazini ilijulikana mapema, kwa kuwa ilifungua Moshi mwaka 2011. Tembo huyo alikua haraka mno. Alifungua matawi kwa mkopo, na mkopo wenyewe kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wale waliompelekea bidhaa. Hii ndiyo siri ya supamaketi ambayo mnunuzi haioni: mkate ulioko rafuni mara nyingi haujalipiwa. Mwokaji ameuleta leo, atalipwa baada ya siku 30, au 60, au 90. Siku hizo zikirefushwa kimyakimya, mwokaji ndiye anayekuwa benki, bila riba na bila rehani.

Kufikia mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilianza kuonyesha mbao zake. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka kampuni chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ifungwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Tanzania ilikuwa imekwisha kuachwa kabla ya hapo. Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa mkono wa serikali ya nchi hiyo, iliyafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, na wafanyakazi na wagavi wa hapa walibaki wakiuliza nani atawalipa. Game ilidumu kuliko hao. Wenye kampuni yake, Massmart, walitangaza mwaka 2021 kwamba wanataka kuachana na maduka ya Afrika Mashariki na Magharibi, na mwaka 2022 duka la Mlimani City likafungwa.

Jengo halikufa. Wengine waliingia, benki zimebaki, sinema imebaki, na ukumbi wake wa mikutano umekuwa mahali ambapo vyama vya siasa hufanya mambo yao makubwa. Januari 2025 nchi nzima ilikesha ikifuatilia uchaguzi wa viongozi wa CHADEMA uliofanyika ukumbini humo. Tunadhani hata waliolijenga hawakutazamia kwamba jengo la maduka lingekumbukwa kwa kuhesabu kura. Ukisimama pale leo huoni kaburi la yeyote. Rangi mpya imepakwa, kibao kipya kimewekwa, na mtoto wa miaka kumi hajui kwamba palikuwa na tembo.

Sasa turudi kwenye mfuko wa yule mama.

Milima yetu huzalisha mboga ambazo joto la pwani haliziruhusu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya wakulima wa Lushoto walijipanga kuziuza moja kwa moja kwa hoteli na supamaketi za Dar es Salaam badala ya kuzitupa mikononi mwa madalali wa Kariakoo. Usambara Lishe Trust ndiyo iliyojulikana zaidi. Kazi hiyo iliwafundisha watu wengi mambo mapya: kupanga kwa ukubwa, kuosha, kuvuna usiku ili mzigo ufike asubuhi, kulima brokoli ambayo hakuna aliyeila nyumbani. Mama huyu hakuwa katika chama chochote kikubwa. Alikuwa na majirani wanne, na walikuwa na makubaliano ya mdomo na mtu aliyekuwa na makubaliano ya karatasi na supamaketi moja ambayo hatutaitaja.

Mwanzo walilipwa vizuri. Bei ilikuwa ya uhakika kuliko ya Kariakoo, ambako dalali anaweza kukupigia simu saa kumi alfajiri kusema kabichi zimejaa na lori lako limechelewa. Kwa fedha ile alipaua nyumba. Kisha malipo ya siku 30 yakawa ya siku 60. Walipouliza, waliambiwa kwamba kampuni kubwa haikimbii. Wakaendelea kupeleka, kwa sababu mtu anayedai anaogopa kuacha kupeleka. Akiacha, anahisi ameagana na deni lake. Miezi minne baadaye duka lilifungwa. Yule mtu wa karatasi alikuwa na madai yake makubwa zaidi, naye aliuza gari.

Tulimwuliza kama alifika mahali pa kudai. Alitueleza kwamba alifika Dar es Salaam mara moja, akateremka Ubungo, akafika mlangoni, akakuta mlinzi na kufuli. Mlinzi naye alikuwa anadai mishahara. Walikaa pamoja kivulini hadi jioni wakila ndizi alizokuja nazo, kisha akarudi stendi.

Tunaposoma habari za kufungwa kwa maduka haya, magazeti hutaja waliouza hisa, benki, wamiliki na mabilioni, na ni haki yataje. Lakini mnyororo ule una mwisho wake juu huku, katika vishamba vya robo eka vilivyochongwa ubavuni mwa mlima, na huko hakuna msimamizi wa mahakama anayefika kuandika majina. Wachuuzi wa msafara wa Semboja walilipwa papo hapo, kwa nguo au kwa chumvi. Hatuutamani wakati ule, uliokuwa na bidhaa za kutisha, ila tunaona ajabu kwamba katika hilo moja mkulima wa zamani alikuwa na nguvu kuliko wa leo. Hakukopesha mtu ambaye hajui anakolala.

Ndani ya mfuko zilikuwamo stakabadhi za kupokelea mzigo, karatasi za rangi ya waridi, kumi na saba. Kila moja ina tarehe, uzito, aina ya mboga na sahihi ya aliyepokea. Karoti, kilo 80. Liki, kilo 35. Saladi, maboksi 12. Wino umefifia lakini unasomeka. Alitaka tumsaidie kujumlisha, kwa sababu binti yake wa kidato cha pili alipata jumla moja na yeye alipata nyingine. Tulijumlisha mara mbili. Binti alikuwa sahihi.

“Sasa Baba Paroko,” alituuliza, “nizichome, au nizitunze?”

Tulimwambia azitunze. Alizikunja kama zilivyokuwa, akazirudisha mfukoni, akaomba glasi ya maji, kisha akatuaga aliwahi gari la Soni, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya gulio na kabichi zilikuwa bado shambani.